Nyumba chakavu za kununua na kukarabati nje ya Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mtu wa Dar anayetafuta nyumba iliyotelekezwa au boma lililokwama huko Kisarawe, Mkuranga, Kibaha, Bagamoyo, Chalinze au pembezoni mwa Kigamboni na Ilala, ainunue na kuikarabati. Yamefuata mtiririko wa kazi yenyewe: kutafuta, kumjua mwenye mali, kuijua ardhi, halafu ndipo ukuta na paa. Wengi huanza na ukuta, na hapo ndipo fedha zinapopotea. Ukuta uliopasuka unarekebishika kwa saruji na nondo. Mrithi wa sita anayejitokeza baada ya malipo hana dawa ila mahakama.

## Ni nyumba za namna gani hasa zinapatikana?

Nyingi ni maboma: mtu alianza kujenga, akafika usawa wa lenta (zege la juu ya milango na madirisha) au akamaliza kuta, kisha fedha zikaisha, au akahamishwa kikazi, au akafariki. Utayaona kwa wingi Chanika, Msongola, Kisarawe mjini, Vikindu, Mapinga, Kerege na Mlandizi. Kwa mtu wa kipato cha kawaida, boma la tofali za saruji ndilo lenye nafuu kuliko aina nyingine zote, maana uharibifu wake unaonekana kwa macho.

Kundi la pili ni nyumba zilizokaliwa zamani kisha zikahamwa: tofali au udongo, bati limeoza, milango imeng'olewa. Hizi ziko vijijini zaidi, Maneromango, Mzenga, Kimanzichana, Kisiju, Kiwangwa, Lugoba. Kundi la tatu ni majengo ya mashamba, yaani maghala, nyumba za wasimamizi na vibanda vya kukaushia mazao. Mwisho kuna nyumba za mawe na chokaa za Bagamoyo na pwani yake, ambazo zina sheria zao na mafundi wao.

## Mbona hazionekani kwenye matangazo ya mtandaoni?

Kwa sababu mwenye nyumba iliyobomoka mara nyingi hajawaza kuiuza. Yuko Mwanza, au yuko Tandika, au wako watu saba wanaopigiana simu mara moja kwa mwaka. Kinachotangazwa mtandaoni ni viwanja, na pale penye boma dalali huandika tu "kiwanja kina msingi" au "kina boma". Kwa hiyo unapotafuta mtandaoni tumia maneno hayo: boma, msingi, pagale, nyumba haijaisha, nyumba ya kumalizia. Ukiandika "nyumba ya kukarabati" hutapata kitu.

Njia inayozaa matunda ni kuchagua eneo dogo, kata moja au mbili, na kulizunguka. Kabla ya kutoka nyumbani fungua picha za satelaiti za Google Earth kwenye kompyuta, zile zenye historia ya miaka iliyopita. Tafuta mstatili wa kuta usio na bati. Kisha rudi nyuma kwenye picha za miaka ya awali uone boma lilianza lini na kama kuna mwaka maji yalijaa hapo. Kuta ambazo hazijaongezeka hata mstari kwa miaka sita ni dalili ya mwenyewe aliyekwama, na aliyekwama huzungumzika.

Ukifika, nenda kwa pikipiki au kwa miguu, gari kubwa hupandisha bei kabla hujafungua mdomo. Jirani mzee ndiye daftari lako la kwanza. Mwamkie, "Shikamoo mzee," kaa, zungumzieni mvua na korosho, halafu uliza: "Hii nyumba ya nani, na siku hizi nani anapalilia hapa?" Swali la pili lina thamani kuliko la kwanza. Anayepalilia ndiye anayejua simu ya mwenye mali, na mara nyingine ndiye anayejiona tayari ni mwenye mali.

Baada ya hapo pita kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtaa, kisha kwa mtendaji wa kijiji. Waeleze unatafuta nini na acha namba ya simu. Wao ndio hupigiwa familia inapotaka kuuza.

## Je, nimtumie dalali?

Mtumie kukuonyesha, usimtumie kukuthibitishia. Dalali wa eneo huokoa wiki nzima za kuzunguka, na hela ya kuonyeshwa ni haki yake. Udalali wenyewe kwa kawaida hulipwa na muuzaji. Maelewano haya yaandikwe mapema, hata kwa ujumbe wa simu. Dalali anayekataa usionane na muuzaji ana kwa ana anaficha jambo moja kati ya mawili: ameongeza bei yake juu, au muuzaji hayupo.

## Vipi minada ya benki na mahakama?

Humo hupatikana nyumba ambazo hazijaisha zilizowekwa rehani. Soma tangazo la mnada gazetini mpaka mwisho. Kwa kawaida mshindi hulipa asilimia 25 papo hapo na salio ndani ya takribani wiki mbili. Ukishindwa, hela ya awali inaweza kupotea. Kwa hiyo usiende mnadani ukiwa bado unatafuta salio.

Kabla ya siku ya mnada, hakikisha mdaiwa alipewa notisi ya siku 60 inayotakiwa na Sheria ya Ardhi kabla ya benki kuuza, na uliza kama kuna zuio la mahakama. Nenda pia uone nani anaishi ndani. Kumtoa mtu anayegoma ni gharama na muda wako wewe mnunuzi, na hesabu hiyo inapaswa kuwa ndani ya bei unayotaja.

## Nitajuaje kwamba anayeniuzia ndiye mwenye mali?

Chukulia kwamba kila nyumba iliyotelekezwa ni ya marehemu mpaka utakapooneshwa vinginevyo. Ukianza na dhana hiyo utauliza maswali sahihi.

Mwenye mali akiwa amefariki, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kwa Mahakama ya Mwanzo, uteuzi huo ni Fomu Namba IV. Chukua namba ya shauri, nenda kwenye mahakama yenyewe, omba kuliona jalada. Angalia mambo matatu: jina la msimamizi, orodha ya warithi, na kama nyumba hii imetajwa kwenye orodha ya mali ambayo msimamizi huwasilisha kwa Fomu Namba V. Barua ya ukoo, muhtasari wa kikao cha familia au cheti cha kifo peke yake havimpi mtu mamlaka ya kuuza. Na hata msimamizi akiwa halali, taka warithi wote watu wazima wasaini kuridhia, kila mmoja na nakala ya kitambulisho cha NIDA. Mrithi aliye nje ya nchi asaini kupitia hati ya uwakilishi iliyothibitishwa. "Yule hana neno" halitoshi.

Mwenye mali akiwa hai na ana mwenza, ridhaa ya mwenza kwa maandishi ni lazima. Sheria ya Ndoa ya 1971 inazuia nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa hiyo, na mauzo mengi yamevunjwa kwa sababu hii moja. Akisema hajaoa au ameachika, aape kwa hati ya kiapo mbele ya wakili.

Anayelinda nyumba naye ni swali lake peke yake. Mtu aliyewekwa na mwenyewe kama mlinzi hageuki mmiliki kwa kukaa muda mrefu, kwa sababu alikaa kwa ruhusa. Aliyeingia bila ruhusa na kukaa zaidi ya miaka 12 ana hoja nzito kisheria, kwa kuwa madai ya kurejesha ardhi huisha baada ya muda huo. Muulize aliingiaje, na jibu lake liandikwe akiwepo mwenyekiti. Kama ni mlinzi, mwenye nyumba amalizane naye na aondoke kabla hujalipa awamu ya mwisho.

## Kuna makaburi na minazi ndani ya eneo. Ni tatizo?

Pwani hii ni jambo la kawaida, na linazungumzika likisemwa mapema. Makaburi yaonyeshwe kwenye mchoro wa mauziano, yazungushiwe mpaka wake, na mkataba utamke kuwa familia ina njia ya kwenda kuzuru. Kuyahamisha kuna sheria yake ya mwaka 1969 na taratibu za serikali; usikubali maneno ya "tutayatoa wenyewe usiku mmoja". Makaburi yakiwa katikati kabisa ya pale utakapojenga choo au kisima, tafuta pengine.

Miti nayo ina wenyewe. Kwa desturi za Mkuranga, Kisarawe na Bagamoyo mnazi, mkorosho au mwembe unaweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi ikawa ya mwingine, au mavuno yakawa yamewekwa rehani kwa deni. Hesabu miti pamoja na muuzaji, andika idadi kwa kila aina, na mkataba useme imeuzwa pamoja na ardhi.

## Nimeonyeshwa mahame ya babu zao, hakuna hata ukuta mzima. Ninunue?

Kuwa mwangalifu sana. Mahame mengi yalibaki pale watu walipohamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa wakati wa Operesheni Vijiji miaka ya 1970. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilithibitisha ugawaji wa ardhi uliofanyika kati ya 1970 na 1977, na kwa jumla haki za kabla ya hapo zilikoma. Maana yake ni kwamba mjukuu anayekuonyesha mwembe wa babu yake anaweza kuwa mkweli kuhusu babu na bado asiwe na ardhi ya kukuuzia. Jibu liko kwa Halmashauri ya Kijiji: eneo hili liligawiwa nani, na liko kwenye matumizi gani katika mpango wa matumizi bora ya ardhi wa kijiji? Likiwa limetengwa kwa malisho au msitu wa kijiji, ondoka.

## Ardhi ya kijiji na kiwanja kilichopimwa vinatofautianaje kwa mnunuzi?

Kiwanja kilichopimwa kina namba, kitalu, ramani ya upimaji na bikoni, yaani alama za mpaka. Omba hati au barua ya toleo, kisha fanya upekuzi rasmi kwenye ofisi ya Msajili wa Hati inayohusika. Majibu ya upekuzi yataonyesha mmiliki aliyesajiliwa, rehani, na zuio kama lipo. Angalia pia muda uliobaki. Hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na hati ya miaka 33 iliyotolewa miaka ya 1990 inakaribia kwisha au imeshakwisha. Uliza deni la kodi ya pango la ardhi. Kwenye nyumba zilizotelekezwa hulimbikizwa kwa miaka, na uhamisho hauendi deni likiwepo. Muuzaji alilipe, au likatwe kwenye bei na wewe ulipe mwenyewe kwa namba ya malipo ya serikali.

Ardhi ya kijiji haiuzwi kwa mtu wa nje kwa mkono wa mwenyekiti pekee. Halmashauri ya Kijiji lazima iridhie, na pale kijiji chenyewe kinapokugawia ardhi, Mkutano Mkuu wa Kijiji uidhinishe kwanza. Chukua nakala ya muhtasari wenye tarehe, mahudhurio, saini na muhuri, na usome wewe mwenyewe kama jina lako na ukubwa wa eneo vimetajwa. Muuzaji akiwa na hati ya hakimiliki ya kimila, iende sambamba na daftari la kijiji. Muhuri wa mwenyekiti unashuhudia kwamba mliuziana. Haumfanyi muuzaji kuwa mmiliki.

Mgeni asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa. Kununua kwa jina la shemeji ni kumpa shemeji nyumba.

## Ni maeneo gani ya kuepuka hata nyumba ikiwa nzuri?

Bei ya chini isiyoelezeka huwa na maelezo kwenye ramani ya mtu mwingine. Pitia haya yote:

Barabara. Hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na kuna sehemu ni pana zaidi. Bomoabomoa ya Kimara hadi Kiluvya mwaka 2017 ilitumia mita 121.5 kila upande. Tazama ukutani: alama ya X nyekundu ni ya jengo linalotakiwa kuondoka bila fidia. Ukuta ukiwa umepakwa rangi mpya upande wa barabarani tu, ukwangue.

Maji. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, kingo za mto, bwawa au ziwa. Boma zuri linalotazama bahari Kimbiji au lililo kingoni mwa Ruvu huenda halitakaa lipate kibali.

Reli, umeme na misitu. Reli mpya imepita Pugu, Soga na Ruvu, na kando yake iko reli ya zamani. Upande wa kusini magharibi kuna TAZARA. Nyaya za msongo mkubwa zina njia yake. Kisarawe kuna misitu ya hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi ambayo imeshavamiwa na kuuzwa vipande vipande na matapeli. Mpaka wa hifadhi uliza TFS, wakala wa serikali wa misitu, usimuulize anayeuza.

Miradi. Zinga na Mlingotini, Bagamoyo, ziko ndani ya mpango wa eneo maalum la uchumi, na Kwala kuna bandari kavu na viwanda. Ofisi ya ardhi ya halmashauri ina mchoro wa mipango miji. Lipa mpima achukue majira ya nukta (alama za GPS) za kona zote nne, ayaweke juu ya mchoro huo. Hii ndiyo fedha ndogo yenye faida kubwa kuliko zote katika kazi hii.

## Nikaguaje jengo lenyewe?

Nenda mara mbili, na moja iwe wakati wa masika, kati ya Machi na Mei. Mafuriko ya Rufiji na Kibiti ya Aprili 2024 yalionyesha kwamba pakavu pa Septemba si pakavu pa Aprili. Beba timazi (uzi wenye uzito wa kupimia wima), pimamaji, futi ya mita 5, nyundo, bisibisi, msumari wa inchi 4, tochi na chaki.

Anza nje, ukizunguka jengo lote. Ufa mwembamba chini ya milimita 2 unaoishia kwenye plasta usikutishe. Ufa unaopanda ngazi kufuata viungo vya tofali, mpana zaidi ya milimita 5 na unaoonekana ndani na nje, unatoka kwenye msingi. Chimba shimo la sentimita 60 pembeni yake uone msingi umekaa juu ya nini. Udongo wa mfinyanzi mweusi huvimba ukiloa na kupasuka ukikauka, na nyumba hupanda na kushuka nao kila mwaka. Mchanga uliooshwa na maji ya bati huacha msingi ukielea. Huo unatibika kwa kujaza zege na kuelekeza maji kwingine.

Ning'iniza timazi kila kona. Ukuta wa mita 3 uliotoka nje ya mstari kwa zaidi ya sentimita 3 umehama, hautarudi. Uhesabu kama wa kubomoa.

Kwangua kiungo cha tofali kwa msumari. Ukiingia kwa mkono na mchanga ukamwagika, fundi alibana saruji. Fanya hivyo kwenye tofali lenyewe pia. Mfuko mmoja wa kilo 50 ukitoa tofali 30 hivi za inchi 6 ni tofali la kubeba paa; waliofyatua 45 waliacha ukuta unaosagika. Weupe kama unga unaorudi kila ukifutwa ni chumvi, mara nyingi kutoka mchanga wa baharini. Chumvi hiyo hiyo hula nondo. Nondo ikila kutu huvimba na kupasua zege kwa ndani, kwa hiyo gonga lenta na nguzo kwa nyundo: palipo pazima hulia kwa mlio mkavu, palipoachana hulia patupu.

Ndani, fuata mchwa. Tazama vijia vya udongo ukutani hasa nyuma ya fremu za milango na pale ukuta unapokutana na kenchi, yaani mbao zinazobeba paa. Choma mbao kwa bisibisi kila baada ya hatua moja. Bisibisi ikizama sentimita moja bila nguvu, mbao hiyo imekwisha hata kama imepakwa rangi. Bati lenye kutu juu tu linaweza kuendelea. Simama ndani mchana, ukiona nukta za mwanga kama nyota, linatoka lote.

## Boma limekaa miaka bila paa. Kuta bado ni salama?

Mara nyingi ndiyo, isipokuwa juu. Mistari miwili au mitatu ya juu imelegea kwa mvua na mizizi ya mitini midogo. Ishushe, isafishe, ijenge upya. Nondo zilizoachwa zimechomoza ndizo za kuangalia kwa karibu: zisugue kwa brashi ya waya mpaka chuma cheupe, kisha pima kwa kalipa. Nondo ya milimita 12 iliyobaki 10 ikatwe mpaka palipo pazima na kuunganishwa kwa mpishano usiopungua sentimita 60.

Kama hakuna mkanda wa zege juu ya kuta zote, uweke kabla ya paa. Kwa mzunguko wa mita 40, mkanda wa sentimita 15 kwa 20 ni zege mita za ujazo 1.2. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) andaa mifuko 8 ya saruji, nondo za milimita 12 zipatazo 15 za urefu wa mita 12, na nondo 10 za milimita 8 kwa ringi za kila sentimita 20. Umwagilie maji siku 7. Mafundi wengi hukata hapo, na zege likikauka haraka kwenye jua la pwani linapasuka kabla kenchi hazijapanda.

## Nyumba ya miti na udongo inafaa kukarabatiwa?

Kwa ukweli, nyingi ununue kama ardhi. Fito na nguzo zikishaliwa na mchwa, udongo unajishikilia wenyewe tu. Ikiwa nguzo ni za mti mgumu, bado nzima, na msingi umeinuka angalau sentimita 30 kutoka ardhini, inawezekana: badilisha nguzo mbovu moja moja ukiwa umetegemeza paa, kandika upya, ongeza upana wa paa ufike sentimita 60 nje ya ukuta. Usipige plasta ya saruji moja kwa moja juu ya udongo. Udongo hutanuka na kusinyaa, saruji haifuati, na baada ya masika moja plasta yote inabanduka kama ganda ikiwa imebeba na udongo nyuma yake.

## Na nyumba za mawe za Bagamoyo?

Hizi zina uzuri usiorudishika ukiuharibu, na ndiyo maana Idara ya Mambo ya Kale ina sauti. Mji Mkongwe wa Bagamoyo ni eneo la urithi, na sheria ya 1964 inalinda majengo ya kabla ya 1863. Usibomoe, usipanue dirisha, usiuze mlango wa nakshi kabla hujapata kibali cha maandishi.

Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa nusu mita hivi, na hupumua. Ukizipiga plasta ya saruji, unyevu na chumvi hufungiwa ndani, ukuta unaoza taratibu na plasta inavimba. Tumia chokaa iliyolowekwa vizuri, sehemu 1 kwa mchanga 3, koti jembamba moja baada ya jingine, ukilinyunyizia maji. Boriti za mikoko zilizooza zinahitaji mbadala, na mikoko ni hifadhi, haikatwi bila kibali cha TFS. Mtafute fundi wa chokaa kabla ya kununua, kwa sababu ni wachache.

## Maji, umeme na njia: niulize nini?

Njia kwanza. Maboma mengi ya bei rahisi hayana njia iliyoandikwa. Unapita kwa hisani ya jirani mpaka siku jirani atakapouza. Njia iwe kwenye mchoro na jirani asaini.

Umeme: pima umbali kutoka nguzo ya karibu. Ndani ya mita 30 unaunganishwa bila nguzo ya ziada, na maombi hupita kwenye mfumo wa NIKONEKT wa TANESCO. Kama mita ipo, chukua namba yake, nunua umeme wa fedha kidogo uone kama kuna deni linalokatwa. Kodi ya majengo nayo hukatwa humo humo kwenye LUKU.

Maji: onja ya kisima cha jirani, halafu pima. Ukanda wa Kigamboni na pwani ya Mkuranga visima vingi vina chumvi. Kisima na choo cha shimo viachane mita 30 au zaidi, na hesabu hiyo ijumuishe choo cha jirani.

## Nipange vipi bei?

Tafuta bei ya kiwanja kitupu cha ukubwa ule ule kwa kuuliza mauzo matatu yaliyokwishafanyika jirani. Hapo ongeza thamani ya kile tu ambacho fundi wako amesema kinabaki: msingi, mita za ukuta mzima, kisima. Toa gharama ya kubomoa kibovu, kupima ardhi, madeni ya kodi na kumalizana na mlinzi. Muuzaji atahesabu fedha alizotia. Wewe hesabu zile zinazookolewa. Kwa boma baya kabisa, lenye kuta za kushusha zote, bei ya haki iko chini ya kiwanja kitupu.

## Malipo na kodi huendaje?

Mkataba uandikwe na wakili, maana mauzo ya ardhi kwa mdomo hayana nguvu. Lipa benki kwa benki kwa awamu: sehemu ndogo mkisaini, kubwa baada ya upekuzi na ridhaa zote, ya mwisho mkikabidhiana eneo likiwa tupu. Kwa ardhi iliyosajiliwa, uhamisho hutumia fomu za ardhi namba 29, 30 na 35, pamoja na taarifa ya mthamini. Muuzaji mkazi hulipa TRA kodi ya ongezeko la mtaji, kwa kawaida asilimia 10 ya faida. Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, asilimia 1. Usikubali kuandika bei ya chini kwenye mkataba ili kukwepa kodi: mauzo yakivunjika mahakamani, utarudishiwa ile iliyoandikwa.

Kuhusu asilimia 10 ya bei inayodaiwa na baadhi ya ofisi za mtaa, Wizara ya Ardhi imeshaikataza. Omba stakabadhi ya serikali kwa kila shilingi, isipokuwepo, usilipe.

## Nikishakabidhiwa, nianze na nini?

Bikoni na mpaka, wiki hiyo hiyo, majirani wote wakiwepo na kusaini. Panda mstari wa minyaa au weka nguzo za zege. Kisha fyeka mita 3 kuzunguka jengo na kata mizizi iliyoingia ukutani.

Pili ni mchwa, kabla ya zege au sakafu yoyote mpya. Chimba mfereji wa sentimita 15 kwa upana na 30 kwa kina kuzunguka msingi, mimina dawa iliyochanganywa lita 5 kwa kila mita, na rudishia udongo nao ukiwa umetiwa dawa. Siku ya mvua usifanye.

Tatu maji ya mvua, nne mkanda wa zege, tano paa. Nyumba ya mita 8 kwa 10, paa likitokeza sentimita 60 kila upande na mwinamo ukiwa wa wastani, ina paa la mita za mraba kama 110 kabla ya mpishano wa bati. Ongeza asilimia 10. Karibu na bahari nunua bati geji 28, siyo 32, kwa kuwa namba ikipanda bati linakuwa jembamba. Misumari nayo iwe ya kuezekea yenye mpira, la sivyo kutu huanzia tundu la msumari. Mbao ziwe zilizotiwa dawa kiwandani, na kila ncha iliyokatwa ipakwe dawa tena papo hapo, kwa sababu mchwa huingilia pale palipokatwa.

Plasta, sakafu na milango visubiri paa listahimili mvua moja kubwa bila kuvuja. Kabla ya kubadilisha umbo la jengo au kuongeza chumba, chukua kibali cha ujenzi halmashauri. Na weka mtu wa kulala pale tangu siku ya kwanza vifaa vinapofika, maana boma lililokaa miaka kumi bila kuguswa huanza kuibiwa usiku ule bati jipya linaposhushwa.